Tini za Keki za Matabaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waokaji wa Mombasa

Maswali haya huja kutoka kwa watu wanaookea nyumbani, kuanzia Likoni hadi Mtwapa, wengi wao akina mama na vijana walioanza kupokea oda za bathdei, akika za watoto na harusi. Nimeyaweka pamoja kwa sababu inaniuma kuona mtu anapoteza mayai kumi na siagi nzima kwa sababu tini haikulingana na resipe. Keki ikitoka mbaya, lawama huenda kwa oveni au kwa unga, na tini haiulizwi chochote.

Ndiyo kwanza naanza. Ninunue tini za ukubwa gani?

Mbili za duara, inchi 8 kila moja, kina inchi 2, za alumini, kuta zake zikiwa zimesimama wima. Ukiwa na uwezo, chukua tatu. Usinunue kitu kingine mpaka hizo uzizoee.

Inchi 8, yaani sentimita 20, ndiyo saizi ambayo resipe nyingi zimeandikiwa. Inatosha familia, inaingia hata kwenye oveni ndogo ya mezani, na bodi zake na maboksi yake hupatikana kila duka la vifaa vya keki. Lakini neno ninalotaka ulishike ni *mbili*, tena pacha. Keki ya matabaka inataka matabaka yaliyolingana. Nunua zote siku moja, duka moja, ziwe za mtengenezaji mmoja, kwa sababu "inchi 8" ya huyu na "inchi 8" ya yule zinaweza kupishana kwa nusu sentimita. Ukipandanisha keki zilizopishana hivyo, utaona kingazi pembeni, na utakijaza kwa krimu ambayo hukuiweka kwenye bei.

Zivike moja juu ya nyingine palepale dukani. Kisha igeuze moja kichwa chini, midomo ya tini ikutane. Ikiwa midomo inagusana mzunguko mzima, umepata pacha.

Biashara ikianza kutembea, jozi ya pili iwe inchi 6, na ya tatu inchi 10. Inchi 7 na 9 zinaweza kungoja.

Mbona nisinunue seti ya tini tatu zinazoingiliana? Si ni nafuu zaidi?

Ni nafuu, lakini kwa keki ya matabaka hazikusaidii. Zile seti za tini nyeusi zenye kibano pembeni, zinazojaa kwenye maduka ya vyombo, mara nyingi ni za sentimita 24, 26 na 28. Hakuna hata mbili zinazolingana, kwa hiyo matabaka hutayapata isipokuwa uoke mara mbili kwenye tini ileile. Wala hazifai kwa keki ya ghorofa, kwa kuwa tofauti ya sentimita 2 inaacha sentimita 1 tu kila upande, na hapo hapakai ua wala mstari wa krimu.

Kubwa kuliko yote ni kwamba hata iliyo ndogo kwenye seti hiyo si ndogo. Tini ya sentimita 24 ina eneo karibu mara moja na nusu ya tini ya inchi 8. Ile ya 28 ni karibu mara mbili kamili. Mtu anamimina mchanganyiko wa mayai manne humo, anapata keki nyembamba kama chapati, kisha anaanza kuulaumu unga.

Kama tayari unayo seti hiyo, usiitupe. Itakufaa kwa keki ya jibini, au keki ya tabaka moja ya kunywea chai.

Tini yangu haikuandikwa saizi. Napima wapi?

Pima ndani, juu, kutoka ukingo hadi ukingo, ukipitia katikati. Ule mdomo uliokunjwa nje usiuhesabu. Kina pima kwa kusimamisha rula wima ndani ya tini. Ukilaza rula kwenye ukuta uliolala utapata kina cha uongo.

Pima na chini pia. Chini pakiwa padogo kuliko juu, tini hiyo imepanuka kama bakuli, na keki zake zitakuwa na kiuno kila zinapopandanishwa. Hizo ni za pai au mkate.

Kwa kubadilisha: inchi 6 ni sentimita 15, inchi 7 ni 18, inchi 8 ni 20, inchi 9 ni 23, inchi 10 ni 25, na inchi 12 ni 30. Ni makadirio, lakini jikoni yanatosha.

Resipe ni ya inchi 8. Nataka kuokea kwenye inchi 6, au inchi 10. Nipunguze au niongeze kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo ninapoomba usome polepole.

Inchi 10 kwa macho ni kubwa "kidogo tu" kuliko inchi 8. Lakini keki haijazi mstari, inajaza eneo. Chukua upana wa tini, uzidishe kwa wenyewe. Inchi 8 inakupa 64. Inchi 10 inakupa 100. Gawanya 100 kwa 64, unapata moja na nusu na ziada kidogo. Kwa hiyo kila kitu kwenye resipe kinaongezwa nusu yake. Inchi 6 inakupa 36, na 36 kwa 64 ni zaidi kidogo ya nusu. Inchi 12 inakupa 144, yaani mara mbili na robo ya inchi 8, na mara nne kamili ya inchi 6. Hesabu hii inafaa ikiwa kina ni kilekile na umbo ni lilelile.

Wanaochukia hesabu wahesabu mayai. Chukua keki ya kawaida ya vipimo sawa: uzito wa mayai, siagi, sukari na unga unalingana. Kwa tini mbili za inchi 8, resipe ya kale ya Waingereza, ile ya keki iliyopewa jina la Malkia Victoria, inataka mayai 4 na gramu 225 za kila kimoja kati ya siagi, sukari na unga. Kutoka hapo, jozi ya inchi 6 inataka mayai 2, jozi ya inchi 7 mayai 3, inchi 9 mayai 5, inchi 10 mayai 6, na inchi 12 mayai 9. Viungo vingine vinafuata mayai: kila yai moja na gramu 55 hivi za kila kimoja.

Ukitaka keki ndefu yenye matabaka mazito ya kujaza tini ya inchi 2, ongeza nusu tena. Yaani jozi ya inchi 8 ipate mayai 6 badala ya 4.

Mwenzangu, andika mfuatano huo kwenye karatasi na uubandike kwenye mlango wa kabati: 2, 3, 4, 5, 6, halafu 9.

Na kama tini zenyewe zina maumbo ya ajabu, moyo au namba?

Tumia maji. Jaza tini ya resipe yako kwa kikombe cha mililita 250 ukihesabu vikombe, kisha jaza ile ya moyo vivyo hivyo, ulinganishe. Tini ya duara ya inchi 8 yenye kina cha inchi 2 hushika vikombe 6 na nusu hivi. Ya inchi 6 yenye kina hichohicho hushika vikombe 3 na robo tatu hivi, na ya inchi 10 zaidi kidogo ya 10. Tini ya kufunguka chini huvuja, kwa hiyo hiyo ipime kwa mchele mkavu.

Mteja amesema anataka "keki ya kilo moja". Hiyo ni tini gani?

Kwetu Kenya mteja anaagiza kwa kilo, na vitabu vimeandikwa kwa inchi. Lazima uyaunganishe mwenyewe, tena kwa mizani.

Ule mchanganyiko wa mayai 4 una takriban gramu 900 kabla ya kuingia oveni. Sehemu ya maji yake hupotea kwa mvuke, kisha krimu na jamu hurudisha uzito na kuuzidisha. Kwa hiyo jozi ya inchi 8, ikijazwa na kupambwa kawaida, inakufikisha kilo moja na kitu. Jozi ya inchi 6 ya mayai 2 inakuja nusu kilo. Inchi 10 ya mayai 6 inakuja kilo moja na nusu, na ukiinyanyua kwa matabaka mazito inapita kilo mbili. Ndiyo sababu waokaji wengi huiambia inchi 6 "nusu", inchi 8 "kilo", na inchi 10 "kilo mbili".

Lakini angalia: ile inchi 8 ndefu, ya mayai 6 na krimu nene, si kilo moja tena. Ni kilo moja na nusu na zaidi. Ukiiuza kwa bei ya kilo unatoa mayai mawili, siagi na gesi sadaka kila oda. Mpe mteja uzito na upana kwa pamoja: "Ni ya inchi 8, matabaka mawili, kilo moja na robo." Naye aelewe kwamba fondanti nzito, ile sukari ya kufunika keki, nayo iko kwenye mizani. Mteja anayelipia kilo anastahili kujua kilo hiyo ni ya keki au ya sukari ya juu.

Nijaze tini hadi wapi?

Nusu kwa keki ya kawaida. Theluthi mbili ndiyo mwisho. Ukipita hapo utapangusa oveni.

Usigawe kwa macho. Weka tini tupu juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, mimina, kisha fanya hivyo kwa ya pili mpaka namba zilingane. Mchanganyiko wa mayai 4 utaenda gramu 450 hivi kila tini. Hili ni jambo la dakika moja, na ndilo linalotofautisha keki iliyosimama na keki iliyolala upande.

Ni bora kuoka tini moja yenye kina kirefu kisha nikate, au tini kadhaa fupi?

Mimi natetea tini kadhaa fupi, na nina sababu.

Keki kwenye tini ya inchi 2 iliyojazwa kidogo huiva kwa dakika 20 hadi 25 kwenye nyuzi 180. Mchanganyiko uleule ukiurundika kwenye tini moja ya inchi 3 utakaa dakika 50 au zaidi, na lazima ushushe moto, maana pembeni panakauka wakati katikati bado ni rojo. Kisha inabidi uikate kwa kisu chenye meno, mkono usitetemeke. Matabaka yaliyookwa mbalimbali yana ngozi nyembamba juu na chini, hayamwagi makombo kwenye krimu, na yakipata joto la hapa yanashikana vizuri zaidi.

Hata hivyo, tini ndefu ina mahali pake. Kama una oveni ndogo isiyoingiza tini mbili, au stima inakatika mara kwa mara, kuoka mara moja na kumaliza ni busara. Na keki nzito za siagi nyingi au za chokoleti huvumilia safari hiyo ndefu kuliko keki nyepesi ya mayai ya kupigwa, ambayo hukauka.

Keki yangu huinuka katikati kama kichuguu, halafu hupasuka. Ni tini?

Mara nyingi ni tini na moto kwa pamoja. Ukuta wa tini unapata joto kwanza, keki ya pembeni inashika na kuacha kupanda, huku ya katikati ikiendelea kusukuma juu. Tini ikiwa pana zaidi, au nyeusi zaidi, tofauti hiyo inazidi.

Shusha moto kwa nyuzi 10 hadi 20. Kwa tini za inchi 10 na kuendelea, fanya hivyo hata kabla ya kuona tatizo. Pia chukua kitambaa cha pamba, taulo kuukuu lafaa sana, likate ukanda wa upana sawa na kina cha tini, lilowe maji, likamue, ulizungushe nje ya tini na kulibana kwa pini. Maji yanazuia ukuta usipate moto haraka, na keki inapanda sawasawa. Ukanda huo usiguse moto wa gesi wala nyaya za oveni.

Tini nyeupe au nyeusi? Na zile za silikoni?

Nyeupe, ya alumini isiyong'aa sana. Alumini husambaza joto sawasawa. Nyeusi hunywa joto la oveni na kuchoma ngozi ya keki mapema. Ukilazimika kuitumia, punguza nyuzi 10 hadi 15 na uichungulie mapema. Silikoni haipitishi joto vizuri, inalegea ukiibeba, na matabaka yake hayatoki na pembe kali.

Mteja anataka ya mraba. Nitumie resipe gani?

Kwa mraba chukua tini iliyo ndogo kwa inchi moja. Resipe ya duara la inchi 9 inaingia kwenye mraba wa inchi 8, na ya duara la inchi 8 inaingia kwenye mraba wa inchi 7. Pembe za mraba ndizo zinazokula ile ziada. Tafuta tini yenye pembe kali, zilizokunjwa kwa usafi. Tini yenye pembe za mviringo itakupa kazi ya kuchonga.

Ukikosa tini za mraba, trei ya inchi 9 kwa 13 ina eneo linalokaribia duara la inchi 12. Ikate katikati, pandanisha vipande viwili, umepata keki ya matabaka bila kununua chochote.

Oveni yangu ni ndogo ya mezani. Nitajuaje tini itaingia?

Pima oveni ndani, si mlango. Kisha acha angalau inchi moja kila upande wa tini, hewa ya moto ipite. Tini iliyogusa ukuta wa oveni itaungua upande huo.

Tini mbili za inchi 8 zikikaa sambamba zinahitaji karibu inchi 18 au 19 kwa jumla, na majiko mengi ya kawaida hayana upana huo ndani. Ziweke kwenye rafu mbili tofauti, zisikae moja juu ya nyingine kamili, na uzibadilishe nafasi keki zikishashika, yaani baada ya theluthi mbili za muda. Au oka moja baada ya nyingine. Mchanganyiko wa siagi wenye beking pauda unaweza kungoja mahali pa baridi hadi ya kwanza itoke. Wa mayai yaliyopigwa povu hauwezi kungoja, povu litashuka. Huo utengeneze mara mbili.

Sina oveni. Naweza kupata keki ya matabaka kwa jiko la makaa?

Unaweza. Pwani yetu imeoka mkate wa mayai kwa sufuria miaka na miaka kabla ya oveni za stima kuingia majumbani: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, na harufu ya iliki nyumba nzima. Mpishi wa mkate wa mayai tayari anajua kitu muhimu kuliko vyote, kwamba moto wa juu ndio unaopandisha na kuipa rangi, na wa chini ukizidi unaunguza.

Kwa keki ya matabaka, usimimine kwenye sufuria yenyewe kama unataka kuta zilizonyooka, kwa sababu sufuria nyingi zina tumbo au zimepinda chini. Chukua sufuria pana, weka kigae, mawe bapa au tabaka la mchanga mkavu chini, kisha keti tini ndani yake. Tini iwe ndogo kuliko sufuria kwa inchi 2 au zaidi. Inchi 6 na 7 ndizo zinazofanya vizuri humo. Pasha sufuria kwa dakika 10 hivi kabla ya kuingiza tini, na usifunue kifuniko kila saa. Utaoka tabaka moja moja. Ni kazi ya subira, na keki yake huwa tamu kweli.

Fundi wa bati anaweza kunitengenezea tini za saizi ninayotaka?

Anaweza, na mafundi wetu wana mikono mizuri. Ila mwambie mambo mawili kabla hajakata.

La kwanza, atumie alumini, asitumie bati la kuezekea. Lile limepakwa zinki, na zinki haifai kukutana na chakula kwenye joto, hasa keki yenye ndimu, chungwa au maziwa ya mgando.

La pili, viungo vikunjwe na kugongwa, visilehemiwe kwa risasi. Ile madini ya kulehemu yenye mchanganyiko wa risasi huanza kuyeyuka kama nyuzi 183, na sisi tunaoka kwa 180. Zaidi ya kiungo kuachia, risasi ni sumu, na kwa watoto ni mbaya zaidi. Hapa sina mzaha hata kidogo: tini iliyolehemiwa usiitumie kwa chakula.

Tini zangu zinapata kutu haraka. Nifanyeje?

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na chuma chochote kitakuambia hivyo. Alumini haipati kutu, na ni sababu nyingine ya kuichagua. Za chuma zikaushe kwa kuzirudisha kwenye oveni uliyozima ingali na joto, kisha zihifadhi na karatasi katikati. Usizisugue kwa sufi ya chuma. Tini iliyopakwa ili keki isishike, ikichunika haina tena faida, bora uiache.

Keki ya harusi ya ghorofa tatu: nichague tini zipi?

Tutenganishe kwanza. Kila ghorofa ni keki kamili yenye matabaka yake, kwa hiyo ghorofa tatu za matabaka mawili ni keki sita za kuoka.

Mpango wa kawaida ni 6, 8 na 10. Tofauti ya inchi 2 inaacha inchi moja ya kuonekana kila upande, inatosha lulu na mistari ya krimu. Bwana na bibi harusi wakitaka maua, tumia 6, 9 na 12, upate nafasi ya inchi moja na nusu. Kila ghorofa iwe na urefu wa inchi 4 hivi, ikae juu ya bodi yake, na ndani ya ghorofa za chini uweke vijiti vya kubeba uzito.

Vipande vya harusi hukatwa inchi 1 kwa inchi 2. Kwa kipimo hicho inchi 6 inatoa vipande 12, inchi 8 inatoa 24, na inchi 10 inatoa 38. Jumla 74. Harusi zetu zina wageni mamia, kwa hivyo usijaribu kuwashibisha wote kwa keki ya kusimama mbele. Oka trei za inchi 9 kwa 13 za ladha ileile, zipakwe krimu na zikatwe jikoni. Kila trei ina vipande zaidi ya 50. Mwenye harusi anaokoa pesa nyingi, na hakuna mgeni anayekosa.

Joto la hapa linaathiri uchaguzi wa tini?

Sana. Mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi ikiwa imekolea, mchana unafika nyuzi 32 na zaidi, na siagi huanza kulegea kwenye joto hilohilo. Keki nyembamba ndefu ya inchi 6 yenye matabaka manne itateleza kabla haijafika ukumbini, hasa ikipanda tuktuk na kuvuka feri mchana. Msimu huo mshauri mteja achukue upana badala ya urefu: inchi 10 ya matabaka mawili ikae mahali pa inchi 6 ya matabaka manne. Krimu ya katikati iwe nyembamba. Weka keki kwenye friji ishike kabla ya safari, na boksi liwe kubwa kuliko bodi kwa kiasi kidogo tu, isihamehame. Kusi ikirudi na hewa ikapoa, jenga ghorofa upendavyo.

Dadangu yuko Nairobi. Tulitumia resipe moja na tini za aina moja, yake ikamwagika na yangu haikumwagika. Kwa nini?

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa kule ni nyepesi, gesi ya beking pauda hutanuka zaidi na haraka, keki hupanda kupita kiasi kisha hudidimia. Apunguze beking pauda kidogo na ajaze tini chini ya nusu. Wewe uko usawa wa bahari, resipe nyingi za vitabuni zitakukubali jinsi zilivyo. Lakini ukichukua resipe iliyorekebishwa kwa Nairobi na keki yako ikakataa kupanda, sasa unajua pa kuangalia.

Keki ya matunda nayo hufuata vipimo hivi?

Eneo ndiyo, kina hapana. Keki ya matunda ni nzito na haipandi sana, kwa hiyo jaza hadi robo tatu, kwenye tini ya inchi 3. Weka karatasi mara mbili ndani, chini na ukutani, na uoke kwa nyuzi 140 hadi 150 kwa saa kadhaa. Hii ndiyo keki moja ambayo naikubalia tini ndefu bila ubishi. Ikipoa, iache ndani ya karatasi yake mpaka siku ya kuipamba.